Ajali ya majini ina kinga, na kinga hiyo isiishie mpakani

Rebero iko mbali na bahari. Kutoka kilima hiki cha kusini mwa Kigali hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara, na Mombasa iko mbali zaidi ya hapo. Wageni wengi wanakifahamu kilima hiki kwa ukumbusho wa wanasiasa waliouawa kwa kupinga mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Wenyeji wanakifahamu pia kwa ujenzi. Nyumba zinazidi kupanda miteremko yake, na kila asubuhi mafundi na wasaidizi wao, wale ambao kwa Kinyarwanda huitwa abayede, huenda huko kutafuta riziki. Ukimwambia fundi wa Rebero kwamba usalama wa ujenzi wa majini unamhusu, ana haki ya kushangaa.

Lakini unamhusu. Mvua inayonyesha Rebero huteremka hadi mto Nyabarongo. Nyabarongo huingia Akagera, Akagera hupita katika maporomoko ya Rusumo penye mpaka wa Rwanda na Tanzania, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kutoka huko maji hutokea Jinja na kuwa mto Nile. Katika safari hiyo yote, Afrika Mashariki inajenga ndani ya maji na juu ya maji.

Katika Nyabarongo kuna bwawa la umeme la megawati 28 lililoanza kazi mwaka 2014. Pale Rusumo, Rwanda, Burundi na Tanzania zimejenga kwa pamoja kituo cha megawati 80, na kila nchi ina fungu sawa. Mwanza, Daraja la John Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu na nguzo zake zikiwa ziwani, lilifunguliwa Juni 2025. Jinja kuna daraja la nyaya la mita 525 lililofunguliwa Oktoba 2018. Upande wa magharibi, ambako maji huelekea Kongo badala ya Nile, kuna Ziwa Kivu na bandari zake zinazojengwa upya, pamoja na mtambo unaoelea karibu na Karongi ambao huvuta gesi kutoka vilindini ili kuzalisha megawati 26 za umeme.

Kazi hizi zote zinahitaji watu wale wale wanaojenga Rebero: wasuka nondo, waunganisha vyuma, maseremala wa fomu za zege, waendesha winchi na vibarua wa kubeba. Fundi wa kilimani akisikia kuna kazi ziwani, huenda. Mshahara ni mzuri kidogo na zege ni lile lile. Kinachobadilika ni kilicho chini ya miguu yake, na hapo ndipo eneo hili zima lina deni ambalo halijalilipa.

Ajali inapotokea, msibani husemwa kwamba ajali haina kinga. Ni maneno ya kumfariji mfiwa, na mahali pake ni hapo msibani. Yanapotolewa na mkandarasi au ofisa wa serikali, hugeuka kuwa kisingizio. Ajali za ujenzi wa majini ni miongoni mwa ajali zinazojulikana vizuri zaidi duniani. Sababu zake zimeandikwa kwa zaidi ya miaka 100, na kinga zake zina vipimo vya mita na kilo.

Tuchukue kuanguka majini. Anayeanguka kutoka ghorofani Kigali huokolewa na mkanda, wavu au uzio. Anayeanguka kutoka kwenye tishari hudhaniwa kuwa ameangukia mahali laini, na kwamba kama anajua kuogelea atatoka. Si kweli. Fundi huyo amevaa buti, nguo nzito na mkanda wenye nyundo na koleo. Mara nyingi amegonga kichwa kwenye chuma kabla ya kufika majini, kwa hiyo amezimia. Hata kama angekuwa muogeleaji hodari, asiye na fahamu haogelei. Na kijana aliyekulia kwenye kilima huenda hakuwahi kupata sababu ya kujifunza kuogelea.

Ndiyo maana jaketi okozi si moja tu. Lipo la newton 50, ambalo humsaidia anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Lipo la newton 150, ambalo limetengenezwa ili kumgeuza aliyezimia uso wake uangalie juu apate kupumua. Kwa mbali yote mawili yana rangi ya machungwa na yanaweza kuonekana sawa. Mkandarasi anayenunua la kwanza kwa sababu ni rahisi, kisha akaandika katika ripoti kwamba wafanyakazi wote wana majaketi, hajasema uongo. Lakini siku fundi wake atakapogonga kichwa, jaketi lile litamwacha akielea huku uso ukiwa majini.

Jaketi peke yake halitoshi, kwa sababu anayeelea lazima atolewe. Kanuni za ujenzi za Marekani, ambazo si ngeni kwa wahandisi wa huku, zinaeleza jambo hili kwa namna ambayo hata kibarua anaweza kuikagua kwa macho. Penye kazi juu ya maji yawe maboya ya duara yenye kamba isiyopungua futi 90, yaani mita 27 hivi. Umbali kati ya boya na boya usizidi futi 200, kama mita 61. Na kuwe na mashua ya uokoaji iliyo tayari kuondoka papo hapo. Mashua iliyofungwa upande wa pili wa gati, ambayo ufunguo wake anao msimamizi aliyekwenda kula, haiwezi kuitwa tayari.

Mto nao una hatari ambayo ziwa halina. Aliyeanguka Akagera wakati wa mvua hakai pale alipoangukia. Kwa dakika moja mkondo unaweza kumpeleka mbali kuliko kamba yoyote inavyoweza kufika. Kwa hiyo mashua husubiri upande wa chini wa mkondo, na kamba yenye maboya hutandazwa kuvuka mto ili anayepelekwa na maji apate kitu cha kushika. Haya hayahitaji mtambo wa mabilioni, yanahitaji mtu aliyepewa kazi hiyo na asiyepewa kazi nyingine.

Historia ya karibu imekwisha kutoa onyo. Tarehe 26 Juni 2017, daraja la Sigiri lililokuwa likijengwa juu ya mto Nzoia huko Budalang'i, Kaunti ya Busia nchini Kenya, liliporomoka wakati wafanyakazi wakiwa kazini. Zaidi ya watu 20 walijeruhiwa. Wiki mbili hivi kabla ya hapo, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amelitembelea na kulikagua. Daraja hilo lilikusudiwa kuwaondolea wananchi hatari ya kuvuka mto kwa mashua. Mazungumzo mengi baadaye yalihusu siasa, gharama na utaifa wa mkandarasi. Machache yalihusu swali la fundi: nani pale kazini alikuwa na uwezo wa kusema kazi isimame leo, akasikilizwa?

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana kabisa, yaani kazi ya mpiga mbizi. Nguzo za daraja na kuta za gati hukaguliwa, hukatwa na huchomelewa chini ya maji. Anayeshuka huvuta hewa yenye mgandamizo, na gesi ya naitrojeni huyeyuka ndani ya damu na misuli yake. Akipanda haraka, gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kama soda inayofunguliwa. Mapovu hayo huumiza viungo, hupoozesha na huua. Ulimwengu uliujua ugonjwa huu kupitia ujenzi wa madaraja. New York, katika ujenzi wa daraja la Brooklyn lililofunguliwa mwaka 1883, wafanyakazi walichimba misingi ndani ya masanduku makubwa yaliyozamishwa mtoni na kujazwa hewa ya mgandamizo. Wengi waliugua na baadhi wakafa. Mhandisi mkuu, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872 na hakupona sawasawa. Aliisimamia kazi akiwa nyumbani, huku mkewe Emily akipeleka maagizo kwa mafundi.

Tangu wakati huo yametengenezwa majedwali yanayomwambia mpiga mbizi akae chini kwa dakika ngapi na apande kwa mwendo gani. Lakini majedwali ya kawaida yametengenezwa kwa ajili ya usawa wa bahari, na hapa ndipo mkazi wa Rebero anapopaswa kusikiliza kwa makini. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi, na mgandamizo wa hewa hapo ni pungufu kwa takriban asilimia 16 ukilinganisha na Mombasa. Mpiga mbizi akitoka ndani ya Kivu anatokea kwenye hewa nyepesi zaidi, na mapovu hupata nafasi zaidi. Kina kile kile na dakika zile zile ambazo ni salama Kilindini zinaweza kumlemaza mtu Karongi. Jedwali la pwani likitumika ziwani bila kurekebishwa, kosa limeshafanyika kabla mtu hajaingia majini.

Kisha kazi inakwisha, na mpiga mbizi anataka kurudi nyumbani Kigali. Wapiga mbizi duniani hushauriwa wasipande ndege kwa saa 12 au zaidi baada ya kutoka majini, kwa sababu kupanda juu ni kuingia katika hewa nyepesi zaidi. Basi la kutoka Karongi kwenda Kigali si ndege, lakini hupanda ukingo unaotenganisha maji ya Kongo na ya Nile, wenye milima inayozidi mita 2,000. Aliyezamia mchana na kupanda basi jioni anafanya kile kile ambacho abiria wa ndege anakatazwa. Na hata akifika Rebero salama, bado yuko juu zaidi ya ziwa alilotoka. Mkataba wa kazi usiompa malazi ya usiku karibu na ziwa umemwekea hatari ambayo hakuna mtu kituo cha mabasi atakayeitambua.

Akiugua, tiba yake ni chumba cha mgandamizo, ambamo hurudishwa kwenye hewa nzito na kupandishwa polepole. Kabla ya mtu wa kwanza kuingia majini, mkataba useme chumba hicho kiko wapi, anafikishwaje huko na kwa muda gani. Septemba 2019 Mombasa ilipata fundisho kuhusu ugumu wa kazi ya kina kirefu. Gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni na kuwazamisha mama na mtoto wake, ilichukua siku 13 kulitoa, ingawa Jeshi la Wanamaji la Kenya lipo mjini humo. Ikiwa hali ni hiyo mahali penye bahari na jeshi lake, miradi ya maziwa haiwezi kuingia kazini kwa matumaini tu.

Kivu ina jambo jingine la pekee. Karibu na Goma na ufuko wa kaskazini, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kutuama mabondeni na mashimoni. Wenyeji wana neno lake la Kiswahili: mazuku. Haina rangi wala harufu ya kumshtua mtu, na aliyeshuka shimoni huanguka kabla hajajua kuna nini. Anayechimba msingi wa gati au ghala katika eneo hilo anachimba shimo ambalo linaweza kujaa usiku kucha. Kipimo cha gesi kishushwe kwa kamba kila asubuhi kabla ya mtu kushuka. Na anayemwona mwenzake ameanguka asimfuate mikono mitupu, kwa maana mashimo ya aina hii huua wawili: aliyetangulia na aliyekwenda kumwokoa. Mkandarasi kutoka nje anaweza asilijue neno mazuku. Kibarua wa Rubavu analijua. Ni ujinga kuwa na mradi ambao ujuzi huo hauna njia ya kupanda kutoka kwa kibarua hadi kwa mhandisi.

Hadi hapa ni mambo ya ufundi, na ufundi upo. Linalokosekana ni kanuni inayomfuata mfanyakazi anapovuka mpaka.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hazikosi sheria. Kenya ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007, Tanzania Bara ina ya mwaka 2003, Zanzibar ina yake, Uganda ina ya mwaka 2006. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 imepiga hatua nzuri kwa kuwaingiza hata wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika ulinzi wa usalama na afya, kwa hiyo kibarua wa Rebero asiye na mkataba wa maandishi naye analindwa. Na Juni 2022 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliyaweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, pamoja na haki ya kuunda chama na marufuku ya kazi ya kulazimishwa.

Lakini fidia inaonyesha jinsi sheria hizo zilivyo mbalimbali. Rwanda, mwajiri huchangia asilimia 2 ya mshahara katika bodi ya hifadhi ya jamii, RSSB, kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya 2008. Kenya humtaka mwajiri awe na bima, na sheria yake huhesabu mshahara wa miezi 96 kwa kifo au ulemavu kamili. Sheria ya Uganda huhesabu miezi 60 kwa kifo. Ziwa Victoria ni moja, na zege linalomwagwa Kisumu halina tofauti na la Port Bell. Lakini familia ya aliyezama upande mmoja hulipwa miaka minane ya mshahara, na ya aliyezama upande wa pili hulipwa miaka mitano.

Pale Rusumo mto ni mwembamba kiasi kwamba watu wa ng'ambo mbili wanaweza kuonana. Kwa sheria za kawaida za nchi hizi, fundi anayevuka kutoka Kirehe kwenda Ngara kwa kazi ya siku moja anavuka pia kutoka mfumo mmoja wa fidia hadi mwingine. Aulizwe yeye mwenyewe iwapo analijua hilo. Aulizwe na kapita wake.

Waandishi wa Itifaki ya Soko la Pamoja waliliona jambo hili. Itifaki hiyo, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatoa uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, inampa mfanyakazi haki ya hifadhi ya jamii katika nchi anayofanyia kazi, na inazitaka nchi wanachama zilinganishe sera na sheria zao za kazi. Uhuru wa kuvuka umekwisha kuonekana, kwani mafundi wanavuka. Kulinganisha sheria kunasubiri.

Wapo watakaosema kwamba kila nchi ina mamlaka yake na sheria moja haiwezekani. Jibu liko barabarani. Jumuiya ilitunga sheria ya udhibiti wa uzito wa magari mwaka 2013, na lori linalotoka Dar es Salaam kuja Kigali linabanwa na kikomo kimoja cha tani 56. Jibu jingine liko ziwani. Tangu mwaka 2007 Jumuiya ina sheria ya usafiri katika Ziwa Victoria, inayohusu vyombo na usalama wake. Kwa hiyo lori lina sheria ya pamoja na meli ina sheria ya pamoja. Aliyejenga gati ambalo meli hufunga na daraja ambalo lori hupita ndiye asiye nayo. Kama nchi ziliweza kukubaliana kuhusu ekseli, zinaweza kukubaliana kuhusu jaketi.

Wakandarasi nao watasema gharama zitapanda. Ni kweli, kama usalama utaachwa ushindanishwe katika zabuni. Mkandarasi mwaminifu akiweka bei ya mashua mbili za uokoaji na mwenzake asiweke hata moja, mwaminifu atashindwa na asiyejali atapewa kazi. Dawa yake ni kutenga fungu la usalama nje ya ushindani, liwe sawa kwa waombaji wote, na lilipwe tu kwa kitu kilichoonekana. Mashua ipo kazini mwezi huu, inalipwa, haipo, hailipwi. Hapo mwaminifu hataadhibiwa kwa uaminifu wake.

Watasema pia kwamba wafanyakazi wenyewe hawataki kuvaa majaketi kwa sababu ya joto. Hilo nalo ni kweli mara nyingi, na lina sababu. Jaketi nene la abiria wa boti halikutengenezwa kwa mtu anayefunga nondo juani saa nane kwa siku. Yapo majaketi membamba ya kujijaza hewa yanapogusa maji, na ndiyo yanayomfaa fundi. Hayo huhitaji mtungi wake wa gesi ukaguliwe na kubadilishwa, kwa hiyo yanahitaji bajeti na mtu wa kuyatunza. Mara nyingi fundi huitwa mkaidi kwa kukataa kifaa ambacho hata mhandisi asingekivaa kwa nusu saa.

Basi kifanyike nini? Kwanza, Jumuiya itoe mafunzo mafupi na kadi moja ya usalama wa kazi za majini, itambulike katika nchi zote wanachama. Mafunzo hayo yawe kwa Kiswahili, na kwa Kinyarwanda au Kirundi panapohitajika: namna ya kuvaa na kukagua jaketi, namna ya kumtoa mtu majini, ishara za mkono za mwendesha winchi, na haki ya kusimama kazi ikiwa hatari. Fundi aliyefunzwa Karongi asianze upya Mwanza, na mkandarasi asimpeleke kwenye tishari mtu asiye na kadi.

Pili, kazi ya kupiga mbizi iwe na kanuni yake ya maziwa ya juu. Ioneshe jedwali litakalotumika kwa mita 1,134 na kwa mita 1,460, saa za kusubiri kabla ya kuvuka milima, malazi karibu na ziwa, na mahali pa chumba cha mgandamizo. Hakuna nchi moja inayohitaji kuyabuni haya peke yake. Maji ni ya pamoja na utaalamu unaweza kuwa wa pamoja.

Tatu, mkaguzi wa kazi apewe boti. Wakaguzi wa Rwanda wamepangwa kwa wilaya, na mpangilio huo unafaa kwa jengo la Kicukiro ambalo hufikika kwa pikipiki. Haufai kwa tishari lililo kilomita mbili ndani ya ziwa ikiwa mkaguzi lazima aombe usafiri kwa mkandarasi anayekwenda kumkagua. Ukaguzi wa ghafla hauwezekani kwa chombo cha mkaguliwa. Na katika miradi ya mpakani, wakaguzi wa nchi zinazohusika waende pamoja, wawe na uwezo mmoja wa kusimamisha kazi.

Nne, fidia ya mradi wa pamoja iwe moja, na ifuate kiwango cha juu zaidi miongoni mwa nchi zinazoshiriki. Nchi zinazogawana megawati kwa usawa zinaweza pia kugawana wajibu kwa mjane kwa usawa.

Tano, ajali zihesabiwe na zitangazwe, pamoja na zile ambazo nusura zitokee. Nguzo ikianguka bila kuua mtu, au kamba ya winchi ikikatika usiku hakuna aliyekuwapo, fundi wa mradi mwingine ana haki ya kujua kilichosababisha. Leo mafunzo ya namna hiyo hubaki katika faili la mkandarasi na huondoka naye anapomaliza kazi.

Nafasi ya kuanza ipo. Mradi wa umeme wa Rusizi III, wenye uwezo wa zaidi ya megawati 200, umekusudiwa kuzihudumia Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi tatu ambazo sasa zote ni wanachama wa Jumuiya, na utajengwa kwenye mto unaotoka Kivu kwenda Tanganyika. Mikataba ya kazi kama hiyo huandikwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Huo ndio wakati wa kuandika idadi ya mashua, aina ya jaketi, jedwali la mpiga mbizi na kiwango cha fidia. Baada ya hapo mkandarasi atafuata kilichoandikwa, na kisichoandikwa atasema ajali haina kinga.